Ukurasa Mmoja, Miandiko Miwili

Jioni ile mama mkubwa alikutwa ameketi chini ya mwembe, jasho linamtiririka kama aliyetoka kulima, ilhali jua lilikwisha kupoa. Ukimsemesha anajibu, lakini majibu hayashikani. Jirani mmoja akasema ni malaria imempanda kichwani. Mwingine akaanza kumsomea dua. Ni mdogo wangu aliyekumbuka kwamba ana sukari. Akakimbia dukani, akaja na soda, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya robo saa mama mkubwa akatuuliza kwa nini tumemzunguka. Tukashukuru, tukamrudisha ndani. Saa nane za usiku sukari ikashuka tena, na safari hii soda haikutosha. Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke.

Asubuhi niliumwaga mfuko wake wa dawa juu ya mkeka. Palikuwa na vikasha viwili vyenye majina mawili, vimetoka sehemu mbili. Kimoja kilitoka hospitali kubwa ya mjini, anakohudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu. Kingine kilitoka zahanati ya jirani, alikokwenda wiki mbili nyuma kwa ajili ya kizunguzungu, wakampima wakakuta sukari iko juu. Nikavigeuza vikasha, nikasoma yale maandishi madogo. Ndani ya vyote viwili ilikuwamo dawa moja: glibenklamaidi. Kwa siku 14 mama mkubwa alikuwa akimeza dozi mbili za dawa ileile, kwa utii kamili.

Hakuna aliyemdanganya. Daktari wa mjini aliandika alichokijua, na tabibu wa zahanati aliandika alichokiona. Aliyekuwa mjini hakuwa na habari za kijijini, na wa kijijini hakuwa na habari za mjini. Mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa na habari zote mbili ndani ya mfuko wake, hakuna aliyemwomba aufungue. Nimeandika makala haya ili mfuko wako, au wa mzazi wako, ufunguliwe mapema, kabla ya usiku kama ule.

Milango miwili ya lazima

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, ulikuta kisukari kwa takriban mtu mmoja tu katika kila watu wazima mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari iliyozidi kwa asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Umri na mahali pa uchunguzi vilitofautiana, lakini mwelekeo unaonekana. Ugonjwa uliokuwa wa wachache sasa umo katika kila ukoo, na kliniki chache za hospitali kubwa haziwezi kuubeba zenyewe.

Hata kama zingeweza, bado zisingetosha. Mwaka una siku 365, na mgonjwa anayehudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu anaonana na daktari wake siku nne. Zile 361 zilizobaki anazimaliza nyumbani. Ndani ya siku hizo ataugua malaria, atachomwa na mwiba, ataishiwa dawa, atafunga, atafiwa, atasafiri. Yote hayo huyumbisha sukari, na kwa kila mojawapo ataenda kwenye mlango ulio karibu.

Wengi wetu hatuna daktari wa familia kwa maana ya mtu mmoja tuliyeandikishwa kwake. Tuna mlango tunaouzoea: zahanati ya kijiji, kituo cha afya cha kata, au hospitali binafsi ya mtaani. Anayetupokea pale huenda ni daktari, huenda ni tabibu. Katika makala haya namwita daktari wa karibu.

Ushauri wangu wa kwanza unahusu mlango huo. Chagua mmoja, ukae nao. Ukienda zahanati hii leo na nyingine mwezi ujao, hakuna atakayekujua vya kutosha kugundua kwamba umekonda, au kwamba shinikizo lako la damu linapanda pole pole. Ukishauchagua, jitambulishe: “Nina kisukari tangu mwaka fulani, nahudhuria kliniki hospitali fulani, na ningependa hapa pawe mahali pangu pa karibu.” Ni maneno ya nusu dakika, lakini baada ya hapo unakuwa mgonjwa wao, hata ukija kwa kikohozi tu.

Nani anashika nini

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mgonjwa wa kisukari hana budi kuwa na manahodha wawili, kwa hiyo dawa ya kuyumba ni kugawana kazi waziwazi. Ukikaa mbele ya daktari wa kliniki, muulize: “Kati ya haya ninayopaswa kufanyiwa, yapi yafanyike hapa na yapi kule karibu na nyumbani?” Kisha mwombe akuandikie. Kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia, mgawanyo huu hufaa:

Kliniki ya hospitali ishike maamuzi makubwa: kuanza au kubadilisha insulini, kupanga lengo lako la sukari, na vipimo ambavyo ngazi ya chini mara nyingi haina. Cha kwanza ni HbA1c, ambacho wengi tunakiita kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kipimo hiki hueleza wastani wa wiki nyingi, hata kama ulijinyima wali siku mbili tu kabla ya kliniki. Hali ikitulia, mara mbili kwa mwaka hutosha. Dawa zikibadilishwa, kirudiwe baada ya miezi mitatu. Vingine vya kufanyika angalau mara moja kwa mwaka ni uchunguzi wa nyuma ya jicho baada ya kutanuliwa mboni, vipimo vya figo kwa damu na kwa mkojo, mafuta ya damu, na uchunguzi kamili wa miguu.

Daktari wa karibu ashike mwendo wa kila siku: kupima sukari na shinikizo la damu kati ya kliniki na kliniki, kukuongezea dawa zisikatike, kutibu homa na maambukizi, kusafisha na kufuatilia vidonda, na kukurudisha kliniki mapema mambo yakienda kombo. Yeye pia ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuujua mfuko wako. Kama dawa uliyoandikiwa mjini haipatikani kwenu, au bei yake inakufanya umeze siku moja na kuruka siku moja, mwambie. Dawa ya bei nafuu inayomezwa kila siku humsaidia mgonjwa kuliko ya gharama inayomezwa kwa kuruka. Lakini daktari hawezi kukubadilishia kwa siri uliyomficha.

Wewe na wa nyumbani kwako mnashika yaliyobaki, nayo si machache: chakula, mwendo wa mwili, kumeza dawa kwa saa yake, kukagua nyayo kila usiku, na kutunza daftari nitakalolieleza sasa.

Daftari la kusafiri

Zahanati nyingi tayari humwandikia mgonjwa kwenye daftari la shule. Hospitali huwa na faili lake, siku hizi mara nyingi ndani ya kompyuta, nawe unabaki na kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi. Faili halitoki hospitali, na daftari la zahanati mara nyingi huachwa kabatini siku ya kwenda mjini. Tafuta daftari moja lenye jalada gumu, liwe lako, na liende kila unakokwenda kutibiwa. Ligawe sehemu nne.

*Ukurasa wa mbele* uandike jina lako, mwaka wa kuzaliwa, mwaka uliogundulika, aina ya kisukari, magonjwa mengine, dawa zinazokudhuru, namba ya faili lako hospitali, na simu ya ndugu wa kupigiwa. Huu ni ukurasa wa siku ambayo huwezi kusema mwenyewe.

*Sehemu ya dawa* iwe na jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, mara ngapi kwa siku, nani ameandika, tarehe ya kuanza, na tarehe ya kuacha. Safu ya mwisho ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo yenye kuokoa. Dawa ikisimamishwa, ikate kwa mstari mmoja ili bado isomeke, uandike tarehe na sababu: “imesimamishwa, tumbo kuharisha.” Ukiifuta kabisa, daktari mwingine atakuanzishia upya dawa iliyokwisha kukushinda.

*Sehemu ya vipimo* iwe na tarehe, saa, namba, na kama ulikuwa hujala au umekula. Andika namba yenyewe. Neno “sawa” halimsaidii daktari wa pili, kwani hajui sawa ya nani. Andika pia kipimo kilichotumika. Mashine nyingi kwetu husoma kwa milimoli kwa lita, ambapo sukari ya 7 kabla ya kula tayari ni ya kisukari. Lakini jamaa akikuletea mashine kutoka Marekani, itasoma kwa miligramu kwa desilita, na hiyohiyo 7 itaonekana 126. Ukitaka kulinganisha, gawa namba ya Marekani kwa 18. Nimeona familia ikihangaika usiku kucha kwa namba ambayo ilikuwa ya kawaida kabisa.

*Kurasa za nyuma* ziache kwa madaktari wenyewe. Mwombe kila mmoja akuandikie mistari miwili: amekuta nini, amebadilisha nini, na anamwomba mwenzake afanye nini. Wapo watakaosema hawana nafasi. Omba kwa adabu, huku daftari limekwisha kufunguliwa mahali penyewe na kalamu iko juu yake. Akikataa, andika wewe mwenyewe palepale kisha umsomee: “Daktari, nimeandika kwamba umeongeza metfomini iwe vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Ni sahihi?” Kusoma kwa sauti mbele ya aliyekuandikia kumesahihisha makosa mengi kabla hayajafika nyumbani.

Kila ukurasa ukijaa, upige picha kwa simu na umtumie mwanao au ndugu unayemwamini. Madaftari hulowa mvua na husahaulika kwenye daladala.

Neno moja kuhusu HbA1c: mwambie kila daktari kama una upungufu wa damu, sikoseli, au kama uliongezewa damu miezi ya karibuni. Hali hizi hubadilisha maisha ya chembe nyekundu, na kipimo kinaweza kutoa namba isiyo ya kweli. Mara nyingi ni daktari wa karibu aliyekutibu damu kupungua, na ni wa kliniki anayesoma HbA1c. Asipoambiwa, atakusifu au kukulaumu bure.

Hatari ya neno “zilezile”

Mgonjwa mzee anapoingia chumbani, mazungumzo mara nyingi huwa hivi:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Unaendeleaje? Dawa zako ni zilezile?”

“Zilezile tu, baba.”

Zilezile zipi? Za kliniki iliyopita, au pamoja na zile za zahanati? Na zile za shinikizo alizopewa na daktari mwingine? Na unga wa mlonge aliouletewa na shemeji? Mama hakusema uongo. Kwake ni zilezile anazozimeza kila siku. Kwa hiyo usijibu kwa neno, jibu kwa mfuko. Kila unapokwenda kwa daktari yeyote, beba dawa zote unazotumia zikiwa ndani ya vikasha vyake, hata zile za dukani na za miti shamba, na uzipange mezani. Vidonge vilivyotolewa kwenye vikasha na kuchanganywa katika chupa moja havisomeki na mtu yeyote.

Jifunze kutofautisha jina la dawa na jina la biashara. Kampuni huandika jina la biashara kwa herufi kubwa, na jina la dawa yenyewe huwa chini yake kwa herufi ndogo. Glucophage ni metfomini. Daonil ni glibenklamaidi. Vipo pia vidonge vyenye dawa mbili ndani ya kimoja. Mfamasia, au muuzaji wa duka la dawa muhimu, atakusomea ukimwomba. Muulize hivi: “Kati ya hizi, zipo mbili zinazofanana?” Swali hilo lingemwokoa mama mkubwa.

Kuhusu glibenklamaidi nina neno zaidi. Hukaa mwilini muda mrefu, na figo zikichoka hukaa zaidi. Ndiyo maana sukari iliyoshushwa nayo inaweza kupanda kwa soda kisha ikashuka tena baada ya saa kadhaa, kama ilivyotokea usiku ule. Shirika la Afya Duniani limeshaeleza kwamba haifai kwa watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Kama mzazi wako amepita umri huo na bado anaimeza, usimwachishe mwenyewe. Liandike swali hilo kwenye daftari na mlipeleke kliniki.

Kisha kuna dawa za magonjwa mengine, ambazo mara nyingi hutolewa na mtu wa tatu au wa nne asiyejua habari za kisukari chako:

- Anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri aambie pande zote mbili, kwa sababu huongeza kiasi cha metfomini mwilini. Kwa kawaida metfomini haizidishwi miligramu 1,000 kwa siku kwa mtu huyo.
- Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hupunguza nguvu za baadhi ya vidonge vya kisukari. Kwa kuwa kisukari chenyewe huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu, wagonjwa wenye yote mawili si wachache.
- Predinisoloni na deksamethasoni, ambazo hutolewa kwa pumu, mzio au viungo, hupandisha sukari kwa kasi.
- Kwinini inaweza kuishusha sukari. Septrini nayo inaweza kuishusha kwa anayetumia glibenklamaidi.

Huhitaji kuyakariri haya. Jizoeze tu sentensi moja kabla hujapokea dawa yoyote mahali popote: “Nina kisukari, na hizi ndizo dawa ninazotumia.”

Kwa anayechoma insulini, daftari litaje aina kamili iliyoandikwa kwenye kichupa, idadi ya uniti asubuhi na jioni, na aina ya sindano. Kichupa cha uniti 100 kwa mililita kichomwe kwa sindano ya insulini yenye alama za uniti 100, si bomba lolote linalopatikana. Safari ya kutoka kliniki nayo ni sehemu ya matibabu. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Iliyokwisha kuganda haifai tena hata ikiyeyuka. Kwenye basi ibaki mkononi mwako, ndani ya kifuko au chupa ya chai iliyopozwa, mbali na dirisha lenye jua na mbali na barafu. Nyumbani pasipo na friji, vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaolowanishwa kila siku, huleta ubaridi wa kusaidia. Kichupa kikiwa kimefungwa vizuri ndani ya mfuko, kiweke humo kivulini. Kilichofunguliwa kwa kawaida hutumika wiki nne. Andika tarehe ya kukifungua juu yake.

Maswali matatu kabla ya kusimama

Foleni ni ndefu, daktari amechoka, nawe umeamka saa kumi alfajiri. Ni rahisi kuinuka mara tu cheti cha dawa kinapokufikia mkononi. Kaa dakika moja zaidi, uulize haya:

*Leo kimebadilika nini?* Jibu likiwa “hakuna”, liandike pia.

*Kitakachofuata kipimwe lini, wapi, na nani atasoma majibu?* Vipimo vingi hufanywa vikapotea kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayevisoma. Majibu ya figo yaliyotoka alasiri, wewe ukiwa umekwisha kupanda basi, hayana mwenyewe mpaka apatikane mtu wa kuyafuata.

*Dalili gani zinirudishe kabla ya tarehe, na nirudi mlango gani?* Swali hili hukupa ruhusa. Wagonjwa wengi hukaa na kidonda wiki sita kwa sababu tarehe ya kliniki haijafika.

Siku zisizongoja tarehe

Sukari ikishuka chini ya 4 (kwa milimoli kwa lita), au ukianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa hata kama huna mashine, kunywa vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, upime tena, urudie kama haijapanda, kisha ule chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Kama anameza glibenklamaidi, apelekwe hata akizinduka. Siku inayofuata, tukio liandikwe na lifike kliniki, kwani huenda dozi ndiyo yenye kosa.

Sukari ikizidi 15 na haishuki, hasa ukiwa na kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, au usingizi usio wa kawaida, nenda moja kwa moja hospitali yenye kulaza. Anayechoma insulini asiiache kwa sababu tu hana hamu ya kula. Dozi inaweza kuhitaji kurekebishwa, lakini kuikata kabisa, hasa kwa kisukari cha aina ya kwanza, kunaua. Anayemeza metfomini akishikwa na kutapika na kuharisha sana, amwone daktari wa karibu siku hiyohiyo, kwani mara nyingi husimamishwa mpaka maji ya mwili yarudi.

Kidonda cha mguuni, hata kidogo, hata kisichouma, kionwe kesho yake. Kutouma kwake ndiko kunakotisha, maana ganzi ya kisukari imekwisha kuondoa mlinzi. Kama kinatoa usaha, kinanuka, au mguu umevimba na kubadilika rangi, usiombe dawa ya kupaka, omba rufaa. Na macho yakifunga ghafla, au kifua kikibana, hakuna mlango wa karibu: ni hospitali.

Nyakati ambazo madaktari wote wawili waelezwe mapema

Zipo nyakati zinazojulikana zinakuja, na hizo zipangiwe.

Ujauzito ni wa kwanza. Mwanamke mwenye kisukari anayetaka mtoto aseme kabla ya kushika mimba, maana viungo vya mtoto huumbika katika wiki za mwanzo, na baadhi ya dawa za shinikizo na za mafuta ya damu hazifai tumboni. Kliniki ya mama wajawazito nayo ionyeshwe daftari.

Ramadhani ni wa pili. Nenda kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mfungo, si usiku wa kuandama mwezi. Daktari atakueleza kama kufunga ni salama kwako, na atahamisha dozi ziendane na daku na futari. Akikuruhusu, endelea kupima sukari mchana, na ukiikuta chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua. Daktari wa karibu apewe mpango huo, kwa sababu ukizidiwa alasiri ni kwake utakakokimbilia. Anayefunga Kwaresima kwa kuruka mlo ashike utaratibu huohuo.

Wa tatu ni kulazwa na kufanyiwa upasuaji. Wodini dawa hubadilishwa, na mgonjwa hurudi nyumbani akiwa na za wodini pamoja na za zamani zilizomsubiri kabatini. Usitoke bila muhtasari wa kuruhusiwa wenye orodha ya dawa za kuendelea nazo na za kuacha, na ndani ya wiki mbili upeleke kwa daktari wa karibu. Mfuko wa zamani umwagwe mbele yake, zilizokwisha muda wake ziondoke nyumbani.

Kwa jamaa, na kwa mliovaa koti jeupe

Kwa wewe unayemsindikiza mzazi: mwache aongee kwanza. Wewe shika kalamu. Wazee wengi huficha kushindwa kwao mbele ya watoto, kwa hiyo mpe pia dakika ya kubaki na daktari peke yake. Na asiwe yule yule mtoto mmoja anayejua kila kitu. Akisafiri yeye, matibabu yote yanasafiri naye.

Kwa daktari wa hospitali kubwa: mgonjwa anapokuja na fomu ya rufaa, kuna mwenzako aliyeketi kwenye zahanati asiyejua kama alifanya vyema kumtuma. Mistari miwili yako inamfundisha, na kesho atamtuma mwingine mapema zaidi. Kwa tabibu wa zahanati: kumwuliza mgonjwa alichoandikiwa mjini hakukushushi hadhi. Ukiona dozi inakutia shaka, shaka hiyo iandike. Wewe ndiye unayemwona mgonjwa akitembea, akinenepa, akikonda, na hospitali haina macho hayo.

Mama mkubwa alipona. Daftari lake la kwanza nilimnunulia mimi, jalada la bluu, na mwanzoni alilibeba kwa kuniridhisha tu. Mwezi uliopita nilimtembelea, nikaliomba. Kwenye ukurasa mmoja daktari wa kliniki alikuwa ameandika kwa wino mweusi kwamba amepunguza dozi, na kwamba anaomba shinikizo lipimwe kila wiki kwa mwezi mmoja. Chini yake, kwa wino wa bluu na mwandiko wa kulala, tabibu wa zahanati alikuwa amejaza namba nne zenye tarehe nne, na mstari wa mwisho: “Limeshuka vizuri. Vidole vya mguu wa kushoto vimeanza ganzi, tafadhali mwangalie.”

Watu hao wawili hawajawahi kuonana. Mama mkubwa akalichukua daftari lake, akalifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akalirudisha mfukoni pamoja na dawa.